Mwiko Sikioni

Fundi alikuwa jirani yetu wa ukutani. Nasema wa ukutani kwa sababu saluni niliyokuwa nikisuka nywele pale Mishomoroni na kibanda chake vilitenganishwa na ubao mmoja tu, tena ubao wenye tundu. Sisi tuliisikia redio yake, naye aliyasikia maneno yetu yote. Na maneno ya saluni mnayajua.

Kazi yake ilikuwa kompyuta, lakini hasa diski, kile kisanduku kidogo cha chuma ambamo watu huweka picha, nyimbo na hesabu zao wakidhani wameviweka mahali pasipofikiwa na mchwa. Na kifaa chake kikuu kilikuwa mwiko. Mwiko wa kweli, wa mti, wa kusongea sima, mpini wake umeng'aa kwa kushikwashikwa. Mtu akileta diski iliyogoma, Fundi hakukimbilia bisibisi. Aliiweka juu ya kigae ili isipate joto, akaiwasha, akagusisha ncha ya mpini kwenye mgongo wa diski, na ule upande mpana akaukandamiza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Kisha akafumba macho. Mpita njia asiyemjua angedhani mzee ameanza kulewa mapema.

"Inasema nini, Fundi?" tulimpigia kelele kupitia tundu.

"Inasema muache kusengenya watu."

Tulicheka mpaka mteja aliyekuwa akisukwa akalalamika kwamba tunamvuta nywele.

Ndiyo, lakini kuisikia aliisikia. Diski nzima, alisema, huvuma kama feni ya chumba cha jirani, huisikilizi mpaka uambiwe. Ikikwaruza, aliizima papo hapo na kumrudishia mwenyewe kwa mikono miwili. "Hii imeumia ndani. Ikifunguliwa hapa penye vumbi la barabara, tutaimaliza. Watafute wenye chumba kisafi." Hakuona haya kusema kitu kimemshinda. Ila kulikuwa na sauti ya tatu, na hiyo ndiyo iliyompa riziki: diski inavuma vizuri, kisha inasita, tk, inarudi nyuma kidogo, inajaribu tena, tk, pale pale, kama mtu anayelitafuta jina la mtu wakati mwenyewe amesimama mbele yake.

"Sekta mbovu," alikuwa akisema, na kufumbua macho.

Mimi shule niliiacha njiani, na wakati huo nilikuwa na ndoto nyingi kuliko vyeti. Nilimuuliza sekta ni nini, akanieleza kwa nywele, kwa kuwa ndiyo kazi aliyojua naielewa. "Mwana wehu," aliniita hivyo kila siku, kwa lugha ya kwetu bara ya Kaloleni, yaani mtoto wetu, "diski ndani yake imesukwa mistari. Mistari mingi, myembamba, inazunguka. Kila mstari umekatwa vipande vipande, na kila kipande kimebeba neno lake. Sasa, we ukichana kichwa cha mtu ukakuta pana kidonda, wafanyaje?"

"Napazunguka."

"Hupachani kwanza?"

"Nikipachana atanipiga kofi."

"Basi ushajua kazi yangu yote. Kilichobaki ni kununua waya."

Akaendelea kunieleza kwamba vidonda ni vya aina mbili. Kuna vya uongo. Stima ikipotea diski ikiwa katikati ya kuandika, neno hubaki nusu. Baadaye diski ikilisoma hailielewi, inasema hapa ni pabovu. Kumbe hapakuoza, pamechafuka tu, na ukiandika upya juu yake panapona. Na kuna vya kweli, ambapo ngozi yenyewe ya diski imechakaa. Hapo hapaponi, lakini kila diski huzaliwa na nafasi za akiba, na ukilazimisha kuandika pale palipokufa, yenyewe hujihamishia kwenye akiba bila kumwambia mtu. Akiba ikiisha, basi tena.

"Ila kuandika juu ni kufuta kilichokuwapo," alisema. "Ndiyo maana watu huniletea maiti. Kompyuta inawauliza, nirekebishe? Wao mbio, rekebisha! Inarekebisha kweli. Diski inapona, picha za mtoto zimekwenda."

Kwa hiyo Fundi alikuwa na miko mitatu. Mmoja ni huo wa mti. Wa pili, hakurekebisha diski kabla ya kunakili kila kinachosomeka na kukiweka kwenye diski nyingine. Programu yake ilianza kwa kuokota pale penye uzima, ikaruka pabovu; kisha ikarudi kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo, ikaonja kingo za kila kidonda; mwisho kabisa ndipo iliingia kwenye kidonda chenyewe, taratibu, neno moja moja. Wateja walipata wazimu. Walitaka leo. Yeye aliwaambia, "Leo naweza kukupa diski nzima isiyo na kitu. Wataka?"

Mwiko wa tatu, hakufungua faili la mtu. Hakufungua, basi. Picha, barua, video, hata wimbo. Alitazama ramani tu, vijisanduku vya kijani na vyekundu kwenye kioo, na alipomaliza alimwita mwenyewe afungue kwa mkono wake, naye akageuka kutazama kalenda ya kanisa ukutani.

Na hapo ndipo mtu huyu aliponishinda, maana hakuna mwanamume aliyependa umbea kama yeye. Wallahi, naapa kama Mwislamu na mimi ni mtu wa kwaya. Alikuwa akiingia saluni na kikombe chake cha chai kavu, akiuliza yule wa nyumba ya kijani amerudiana na mkewe au bado, na ile gari nyeupe ilimleta nani, na kwa nini fulani hakuonekana mazishini. Alijua mimba kabla ya mama mkwe. Nilimwambia siku moja, "Fundi, we una siri za mtaa mzima humo kibandani. Ungefungua diski moja tu, ungeshiba umbea mwaka mzima."

Alikasirika kidogo, jambo la nadra. "Umbea ni mtu kukuletea mwenyewe mlangoni. Ile nyingine ni kuingia chumbani kwa mtu."

Wala asidhani mtu kwamba alikuwa malaika. Alikuwa mvivu wa kufagia. Alimkaripia mteja aliyechelewa, ilhali yeye mwenyewe alifungua jua likishakuwa kali. Aliimba besi kwaya ya kanisani na aliimba vibaya, tena kwa nguvu. Alipenda kuomba rangi ya kucha, ile nyekundu sana, akachora msalaba mdogo kwenye kila diski iliyopona, ili mwenyewe ajue kwamba hiyo sasa ni ya kuwekea nyimbo tu, si ya kuaminiwa na kitu cha maana. Wanawake wapya mtaani walipomwona akitoka saluni na kichupa cha rangi walinong'onezana, naye, kwa kuwa alikuwa yeye, alifurahi sana kuwa umbea.

Kucheka na wateja alijua pia. Kuna karani mmoja wa mizigo kutoka Changamwe aliyesikia kwa watu kwamba diski mbovu huwekwa kwenye barafu. Akaiweka, pamoja na samaki wa nyumbani. Fundi aliipokea, akainusa, akaniita tunduni. "Mwana wehu, njoo uniambie. Hii diski ama ng'onda?" Karani alicheka mpaka akakaa chini. Akaambiwa barafu huacha maji ndani, na maji na diski havipatani. Alikaushiwa, akasomewa kilichosomeka, akaondoka na msalaba wake mwekundu na harufu yake.

Sasa nije kwenye diski yangu mimi.

Ndoto yangu ilikuwa, na bado ni, kutengeneza filamu. Njia niliyoipata ni harusi. Mabibi harusi wa Kisauni walikuja kusukwa na kupakwa hina, wakawa wananiambia shida yao: siku ya kupamba, bi harusi anapokaa kwenye jukwaa ukumbini, wote ni wanawake, mabuibui yamevuliwa, nywele wazi, mikono wazi, watu wanacheza wanavyotaka. Mlangoni simu zote hukusanywa. Mpiga picha mwanamume haingii. "We msichana, huwezi kushika kamera?" Nikasema naweza, kabla sijajua kama naweza. Mkristo mimi, wao Waislamu, lakini mwanamke ni mwanamke, na mkono niliowasukia nywele waliuamini.

Katika harusi moja kulikuwa na nyanya wa bi harusi, mamake mama. Bibi huyo maisha yake yote alikataa kupigwa picha. Ukimwelekezea simu alikufunika kanga, wewe na simu yako. Lakini jioni ile, zilipogongwa pembe za vugo, ile ngoma ya harusi ya wanawake, alitupa kanga begani kwa mtu, akasimama, akacheza. Si kuyumba kwa wazee, alicheza. Ukumbi mzima ulishika midomo. Alinitazama kwenye kamera waziwazi, akaniambia, "Haya, chukua. Leo chukua."

Nikachukua. Na baada ya harusi bibi akaugua, miguu ikakataa, akawa wa kitandani. Bi harusi akaenda Maskati na mumewe. Na bibi kila alipoamka aliuliza neno moja: nitajiona lini?

Nilikuwa nimezihamisha video zote kwenye diski yangu na kadi za kamera nimeshazitumia kwenye harusi ya Port Reitz. Nikiwa katikati ya kuunganisha, stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, ikapotea tena. Iliporudi ya kudumu, diski ilifika mahali ikasita. Tk. Tk.

Niliichomoa kama nimeshika kaa la moto na kukimbilia ng'ambo ya ubao.

Fundi aliweka mwiko sikioni. Aliuacha hapo kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Pengine?" akaniuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali lake kwa kila mteja: pengine je, umeweka nakala mahali pengine? Na watu wengi hawakumwelewa, walimjibu, "Pengine, Fundi, sina hakika."

"Hakuna pengine," nikasema, na machozi yakanitoka.

"Usililie waya, utashika kutu. Kuna nini humu?"

"Harusi. Upande wa wanawake."

Akaondoa mwiko sikioni. Akaenda kukigeuza kioo cha kompyuta kikatazama ukuta, kisha akakumbuka kwamba hata hivyo huwa hafungui kitu, akakirudisha. "Basi tutafanya kwa masikio," akasema.

Kesho yake asubuhi mama wa bi harusi aliingia saluni. Alikuwa mwanamke mrefu, wa ukoo wa zamani, sauti yake haikuhitaji kupandishwa.

"Mwanangu, iwapi harusi yangu?"

"Iko kwa Fundi, mama. Diski imepata hitilafu."

"Fundi yupi? Mwanamume?"

Redio ya ng'ambo ya ubao ilizimwa ghafla, nikajua Fundi amesikia.

Tulimkuta amesimama.

"Salaam aleikum," akasema mama.

"Aleikum salaam, mama. Karibu."

"Sikai. Nataka kitu changu."

"Ni chako, mama, mimi sina haki nacho. Ila sasa hivi kiko katikati ya kusomwa. Nikikichomoa sijui kama kitakubali kuamka tena. Ukisema nichomoe, nachomoa."

Mama aliitazama diski. Nilijua anamfikiria nani. Kitandani kuna mamake anayeuliza nitajiona lini. Humu kuna mwanamume asiyemjua, na kwenye kile kisanduku kuna mamake huyo huyo kichwa wazi, na dada zake, na wake wa watu waliomwamini ukumbi wake.

"Na ukikisoma waona?"

"Sioni, mama. Nasikia tu."

"Wasikia nini? Taarabu?"

"Nasikia diski ikizunguka."

"Hebu apa."

"Siapi, mama. Sisi kanisani kwetu tumekatazwa kuapa. Nikikwambia sioni, basi sioni."

"Ajabu! Mtu haoni na hataki kuapa!" Akamtazama, akautazama mwiko. "Na huo ni wa nini? Wapika?"

"Ndio ninaosikilizia."

Kitu kikamcheza mama mdomoni, lakini hakukiachia. "Basi mimi nitakaa papa hapa."

"Kaa, mama. Ila kaa huku kushoto, kulia kuna msumari."

Akakaa. Alikaa kutwa, na buibui lake, macho kwa Fundi kama askari wa benki. Kisha akaona vijisanduku kwenye kioo.

"Hivi vya kijani ndivyo nini?"

"Ndiyo harusi, mama."

"Hii yote harusi? Na hivi vyekundu?"

"Hapo ndipo pagumu. Stima ilipopotea."

"Mbona kimoja kimegeuka kijani sasa hivi?"

"Kimesomeka."

"Alhamdulillahi!" Akasogea karibu. Kufikia adhuhuri alikuwa amekishika kioo kwa mikono yote miwili. Alitoka kuswali, akarudi mbio akiuliza vimebaki vingapi. Alivisomea dua vyekundu. Alivigombeza. "We hapo, mbona mkaidi? Mwenzako ameshakubali!" Fundi na mwiko wake sikioni, akisema, "Pole pole, mama, usiitishe," na mama akijibu, "Siitishi, naihimiza." Sisi wa saluni tulipeana zamu tunduni. Siku ile tulisuka nywele za watu kombo.

Alasiri kikabaki chekundu kimoja tu, kidogo. Fundi alikirudia, kwa mbele, kwa nyuma, mara nyingi. Mwisho akauweka mwiko mezani.

"Hii imenishinda, mama. Hapo palikuwa pamechakaa kweli. Kipande kidogo. Mengine yote tunayo."

Kisha akatoka nje, akaenda kusimama upande wa pili wa barabara, mgongo kwetu, uso kwenye ukuta wa duka la makaa. Tukafunga mlango. Mimi nikafungua faili kwa mkono wangu, tukiwa wanawake peke yetu humo ndani, tumebanana. Bibi akatokea. Akatupa kanga. Akasimama.

Vigelegele tulivyopiga vilisikika mpaka kwenye steji ya magari. Mlangoni nilipochungulia, Fundi alikuwa vile vile, mgongo kwetu, jua limemwangaza upara, lakini mabega yalikuwa yakicheka.

Mama wa bi harusi alitoka, akavuka barabara, akaenda akasimama nyuma yake. "Hukuona?"

"Nimeona kijani tupu, mama."

"Mungu akupe macho yako mpaka siku yako ya mwisho," akasema, na sauti yake safari hii ilipanda.

Fundi hakuishia hapo. Mbele ya mama huyo aliiandika upya diski yangu yote, mwanzo mpaka mwisho, isibaki hata nywele moja ya mtu, akaipaka msalaba mwekundu. Bibi akajiona. Nilikuwapo, nimeshika kompyuta kitandani kwake. Alitazama kimya mpaka pale palipokosekana, ambapo picha huganda kidogo, kisha huruka. Pale alicheka sana, akataka apaone tena, na tena.

Lakini Fundi hakuuliza. Nawaambia, mtu yule, ambaye aliulizia hata paka wa watu, hakuniuliza kulikuwa na nini. Wiki nzima aliingia saluni na chai yake, akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. "Leo kuna joto," akasema. Akatoka. Nilimhurumia kama mtu mwenye kiu.

Baadaye saluni yetu ilihama, kibanda chake kikavunjwa barabara ilipopanuliwa, naye akaenda kukaa Mtongwe kwa binti yake. Mwezi uliopita nilivuka feri nikaenda kumwona. Nilimkuta barazani, amevaa shati lake lile lile la kwaya, mwiko uko mezani kando ya kikombe.

"Shikamoo, Fundi."

Hakujibu. Binti yake akanionyesha sikio kwa kidole. Nikapaza sauti, "Shikamoo!"

"Marahaba! Mwana wehu! Kumbe ni wewe! Nilidhani ni mwenye nyumba." Macho yalikuwa mazima, dua ya mama ilipokelewa. Masikio ndiyo yaliyokuwa yamekwenda. Diski hazisikii tena, alisema, na hata hivyo siku hizi watu wana za aina mpya, hazizunguki, hazina sauti, zikifa zinakufa kimya. Tukapiga umbea kwa kelele, jirani zake wote wakafaidi. Nikamwambia nimeanza filamu yangu, na kwamba naiweka pengine na pengine. Akanipigia makofi.

Akazungusha kikombe.

"Kile kipande," akasema. "Kilichonishinda. Kilikuwa kitu cha maana?"

Nilielewa alichouliza na asichouliza. Bibi alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu, lakini mwiko haukuwa wake bibi peke yake. Kusema alivyocheza ni kumfungulia mtu mlango wa ukumbi ule. Lakini mdundo wa vugo si siri. Vugo hupita barabarani mchana na kila mwenye masikio huusikia.

Nikauchukua mwiko, nikagusisha ncha yake mezani, upande mpana nikampa aukandamize mwenyewe nyuma ya sikio. Akafumba macho kama zamani. Kwa vidole vya mkono wa kulia nikagonga pembe kwenye ubao wa meza. Kwa kiganja cha kushoto nikagonga miguu. Mmoja mzito, wa kushoto, mmoja mwepesi, wa kulia. Mzito, mwepesi. Niliikumbuka yote, nimeitazama mara nyingi mno. Binti yake akatoka jikoni akasimama mlangoni na bakuli.

Nilipofika pale palipokosekana, nikainua mikono yote miwili, nikaacha kimya.

Fundi akafumbua macho. "Ndipo hapo."

Nikatikisa kichwa kumkubalia. Kisha nikarudisha mikono chini, pembe na miguu, mpaka mwisho.

Alibaki na mwiko sikioni meza ilipokwisha kunyamaza. Halafu tumbo likaanza kumcheza kwa kicheko.

"Alikuwa akiegemea kushoto," akasema. "Na pale palipokatika, mguu wa kulia ulikuwa juu."

"Mimi sijasema neno, Fundi."

"Wala mimi," akasema, akafuta macho kwa mkono wa shati, "sijauliza."